KAMERA YA ZIZINI: IWEKWE WAPI, IMTAZAME NANI?

Busanza ni akagari katika umurenge wa Kanombe, wilaya ya Kicukiro, pembezoni mwa jiji la Kigali. Upande mmoja husikika ndege zikitua katika uwanja wa Kanombe, na upande mwingine migomba na makonde ya majani ya ng'ombe yanashuka kuelekea mabondeni. Kambi ya jeshi na Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda zipo jirani, hivyo si ajabu kukuta humo nyumba ambazo baba, mama au mtoto mkubwa huvaa sare. Mwaka 2022 familia kutoka Kangondo na Kibiraro zilihamishiwa katika makazi mapya ya Busanza, na tangu hapo wageni na wenyeji wamekuwa wakipishana katika vijia vilevile. Mahali penye watu wengi wasiofahamiana bado, ni jambo la kawaida mwenye mifugo kuanza kuuliza habari za kamera.

Hapana haja ya kumweleza Mnyarwanda thamani ya ng'ombe. Watu wa nchi hiyo husalimiana kwa kutakiana mifugo: mmoja husema "amashyo", na mwenzake hujibu "amashongore". Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukizigawia familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Kwa kuwa ardhi ni haba, ng'ombe hao hufungwa zizini na kuletewa majani. Basi mali yote ya familia husimama mahali pamoja, usiku na mchana, na kila apitaye njia anapajua.

Yafaa kwanza msomaji aelewe jambo moja ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulitaja. Kamera haimzuii mtu. Komeo humzuia, kufuli humchelewesha, taa humtia hofu, na watu wa irondo wapitao usiku humfukuza. Kamera hushuhudia tu. Mwenye zizi ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba ya katani hana sababu ya kununua kamera; na anunue bawaba, komeo la chuma na kufuli nzito, kisha fedha ikibaki ndipo afikirie shahidi. Wengi hufanya kinyume, wakaishia kuwa na picha nzuri ya mlango dhaifu ukivunjwa.

MUUGUZI WA NEW YORK

Kamera za kutazamia mahali kwa mbali zilitumika mapema vitani. Mwaka 1942, huko Peenemünde nchini Ujerumani, mhandisi Walter Bruch alishiriki kutengeneza mtambo wa kutazamia maroketi ya V-2 yakirushwa bila watazamaji kujihatarisha. Lakini aliyeileta nyumbani kwa raia wa kawaida alikuwa mwanamke. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi katika mtaa wa Queens, New York. Saa zake za kazi na za mumewe, fundi wa mitambo ya elektroniki, hazikulingana, kwa hiyo mara nyingi alikuwa peke yake nyumbani nyakati za usiku, na polisi walichelewa kufika walipoitwa. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hataza ya mtambo walioubuni, wakapewa Desemba 2, 1969.

Mtambo wao ulikuwa na matundu manne mlangoni, kila moja kwa kimo chake, na kamera iliyoweza kupanda na kushuka ili imwone mtu mrefu, mfupi au mtoto. Picha ilionekana chumbani, sauti ya mgeni ilisikika, na palikuwa na kitufe cha kufungua mlango na kingine cha kuita msaada. Matundu yale manne ndiyo yanayostahili kukumbukwa. Mama yule hakuanza kwa kuuliza kamera ina nguvu kiasi gani. Alianza kwa kuuliza uso wa mtu utakuwa wapi atakaposimama mlangoni. Zaidi ya nusu karne imepita, na mafundi wengi bado hawaulizi hivyo.

BOMA LENYE MITA ARUBAINI

Na tazamwe mfano wa boma ambalo mtu wa Busanza ataona kama la jirani yake. Nyumba ipo juu, upande wa magharibi, karibu na barabara. Mita 40 chini yake, upande wa mashariki, nyuma ya migomba, lipo banda la matofali lililoezekwa kwa mabati, lenye urefu wa mita 6 kutoka kaskazini hadi kusini. Ng'ombe na ndama wake hutokea mlango wa mashariki, unaoelekea kijia kitokacho bondeni. Ghala la pumba, mbolea na majembe lina mlango wake katika ukuta wa kaskazini, karibu na kona. Baba wa nyumba ni sajini aliyetumwa nje ya nchi, labda Jamhuri ya Afrika ya Kati, labda Sudan Kusini, labda Cabo Delgado ambako majeshi ya Rwanda yalianza kupelekwa Julai 2021. Mama yupo na watoto watatu. Usiku ng'ombe akilia, ni yeye atakayechukua tochi.

Fundi wa kwanza atakayeitwa atapendekeza kamera ifungwe juu ya ukuta wa nyumba, itazame bondeni na "kuona kila kitu". Ni rahisi, maana umeme upo hapohapo. Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini ushauri huo haufai.

Picha ya kamera za kawaida huwa na vitone 1,920 kwa upana wake, ambavyo mafundi huviita pikseli. Lenzi pana inayofungua nyuzi 90 huona upana ulio mara mbili ya umbali. Kwa hiyo katika mita 40 kamera ile itaona upana wa mita 80, na kila mita ya upana huo itapata pikseli 24 tu. Kipimo cha Ulaya cha EN 62676-4, toleo la mwaka 2015, kilisema kwamba ili kugundua tu kuwa kuna mtu zahitajika pikseli 25 kwa kila mita; ili kumtambua mtu unayemfahamu, pikseli 125; na ili kumthibitisha mtu usiyemjua, hata mahakamani asiweze kukana kwa urahisi, pikseli 250. Kamera ya ukutani kwa hiyo haikufikia hata daraja la kugundua. Asubuhi mama ataona kivuli kikipita kwenye migomba, na kivuli kingine chenye miguu minne kikifuata. Hilo alikwisha kulijua alipokuta zizi tupu.

Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa hutoa jawabu. Pikseli 1,920 zikigawanywa kwa 250 hupatikana upana wa mita 7 na sentimita 68. Kwa lenzi ya nyuzi 90, upana huo hupatikana mita 3 na sentimita 84 kutoka kwenye kamera. Kwa kifupi, kamera pana inayotakiwa kuonyesha uso haina budi kuwa chini ya mita 4 kutoka mahali uso utakapopita. Akitaka kuiweka mbali zaidi, mwenye nyumba na atafute lenzi nyembamba: ile ya nyuzi 30 hufikisha kiwango hicho hicho kwenye umbali wa mita 14 hivi, lakini huona kama mtu atazamaye kwa bomba, na yaliyo pembeni huyakosa.

Kwa hiyo kamera ishuke bandani. Ya kwanza na ifungwe juu ya nguzo mita 3 na nusu kaskazini ya ukuta, mkabala na kona ya kaskazini-mashariki, nusu mita nje ya mstari wa ukuta wa mashariki, ikitazama kusini. Hapo itaona upana wa mita 7 ukutani, na mlango wa ghala utapata pikseli zaidi ya 270 kwa mita. Mtu akiingia ghalani huupa mlango uso na kamera kisogo. Lakini hawezi kukaa humo milele, na akitoka hutoka uso mbele, mikono imejaa, hana wa kumshikia kofia. Ya pili na ifungwe chini ya upenu wa kona ya kusini-mashariki, ikitazama kaskazini sambamba na ukuta, ili imwone kwa karibu kila atakayemtoa ng'ombe mlangoni. Kamera hizo mbili zitaonana. Atakayekuja kuikata ya nguzo atarekodiwa na ya upenuni. Umbali wa mita 9 na nusu hautatosha kumtambua mgeni, lakini utaonyesha mwendo wake, nguo zake, na saa aliyofika. Atakayeiendea ya upenuni atakuwa mbele ya ile ya nguzo.

Kuhusu kimo, mita 2 na nusu hadi 3 zinatosha. Hofu ya kuibiwa kamera huwafanya watu waipandishe mita 4 na zaidi, na matokeo yake ni mkusanyo wa picha za kofia. Uso wa mtu mzima upo mita 1 na sentimita 60 hivi kutoka ardhini. Kamera iliyo mita 2 na sentimita 70, ikiwa mita 3 na nusu mbele yake, humtazama kwa kuinama nyuzi 17 tu, na ukingo wa kofia haufichi macho.

JUA, MVUA NA BUIBUI

Msomaji atakuwa ameona kwamba kamera zote mbili zinatazama kusini na kaskazini. Hilo si bahati. Kigali ipo karibu nyuzi 2 kusini ya ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi bila kuyumba sana, na adhuhuri huwa juu mno kiasi cha kutosumbua. Kamera itazamayo mashariki hupigwa jua usoni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili na zaidi, na kila kitu mbele yake hugeuka kivuli cheusi. Itazamayo magharibi hupatwa na hayo jioni. Kaskazini na kusini ni salama. Askari aliyewahi kulinda lindo akiwa na jua machoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Faida nyingine ya ikweta ni hasara pia: usiku hauna msimu. Giza huingia mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni Januari na Julai vilevile, na kamera hufanya nusu ya kazi yake gizani. Nyingi zina vitaa vidogo vinavyotoa mwanga usioonekana kwa macho ya mtu. Vitaa hivyo huleta taabu mbili. Kwanza, ukuta au upenu uliopakwa chokaa ukiwa karibu mno na lenzi huurudisha mwanga, picha ikajaa ukungu mweupe. Sharti kamera isogezwe mbele, upenu usionekane kabisa. Pili ni buibui. Wadudu hukusanyika penye taa na joto, buibui huwafuata, na uzi mmoja wa utando mbele ya lenzi hung'aa kama kamba ya meli. Hapana dawa bora kuliko ufagio wa mpini mrefu kila juma. Kama fedha inaruhusu, taa ya kawaida inayowaka mtu anapokaribia, ikifungwa mita 2 mbali na kamera, huwavuta wadudu kwake, huipa picha rangi za nguo, na humwambia mgeni asiyealikwa kwamba ameonekana.

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na zile za vuli, Septemba hadi Desemba, zinadai kamera yenye alama ya IP66 au zaidi: tarakimu ya kwanza ina maana kwamba vumbi haliingii, ya pili kwamba hustahimili maji yanayopigwa kwa nguvu. Alama hiyo hailindi kiungio cha waya kilichoachwa kikining'inia nje. Kiungio kiingizwe ndani ya kisanduku, na waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia, ili tone lianguke lisifuate waya. Ndani ya zizi mna adui mwingine, yaani hewa kali itokayo katika mkojo wa ng'ombe, ambayo hula shaba polepole. Hiyo ni sababu ya kuweka kamera nje, chini ya upenu, isiwe juu ya mgongo wa ng'ombe.

Migomba nayo ina kesi yake. Jani la mgomba likitikiswa na upepo huonekana na mashine kama mtu apungaye mkono, na simu ya mama italia mara thelathini kwa usiku mmoja. Usiku wa tatu ataizima. Majani yaliyo mbele ya kamera yakatwe, na eneo la kuamsha kengele lichorwe kwa ufinyu kwenye mlango na mita moja mbele yake, si uwanja mzima.

WAYA, UMEME NA RADI

Kamera zisizo na waya hupendwa kwa wepesi wake, ila mawimbi yake hayapendi mabati, na mita 40 za migomba iliyolowa huyadhoofisha. Waya wa mtandao hubeba picha na umeme pamoja hadi mita 100, nao unatosha boma hili. Uzikwe ndani ya bomba la plastiki, sentimita 50 chini au zaidi, mahali jembe halifiki. Wako mafundi wanaovuta badala yake waya mwembamba wa volti 12. Mchana kamera huwaka vizuri. Usiku vitaa vyake vikiwaka hudai umeme zaidi, volti mbili hupotea njiani, na kamera huzimika. Asubuhi huwaka tena, kana kwamba hakuna lililotokea. Familia hukaa miezi bila kujua kwamba mlinzi wao hulala kila jua linapozama.

Penye umeme wa mashaka, sola hufaa. Kamera ya wati 5 hutumia wati-saa 120 kwa siku nzima. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, huitunza siku 5 za mawingu. Kwa kamera mbili, siku hizo huwa mbili na nusu.

Radi si ya kufanyiwa mzaha katika vilima vya Rwanda. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili huweza kuleta mshtuko kutoka bandani hadi sebuleni. Nguzo ifungwe waya wa kwenda ardhini, na kizuia mshtuko kiwekwe pande zote mbili za waya.

Mashine ya kurekodi haikai bandani. Mwizi aliyeichukua ameondoka na ng'ombe pamoja na shahidi. Ikae nyumbani, kabatini penye hewa. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21 na nusu hivi kwa siku. Diski ya terabaiti moja hubeba siku 46 za kamera moja, au 23 za mbili. Hizo zinatosha hata kwa aliyegundua wizi wa mbolea wiki mbili baadaye. Na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ileile ya kwanza. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba ya mwaka huo ilitumika kuangusha huduma za mtandao kwa mamilioni ya watu huko Marekani na kwingineko.

SAA INAYODANGANYA WASWAHILI

Lipo kosa moja ambalo huwapata wasemao Kiswahili kuliko watu wengine, na haliandikwi katika vitabu vya maelekezo. Kamera nyingi hutoka China zikiwa na saa ya huko, ambayo ipo mbele ya saa ya Kigali kwa saa 6. Sasa Mswahili naye huhesabu saa zake kwa tofauti ya 6. Tukio la saa saba usiku, ambalo kwa saa ya kimataifa ni 01:00, kamera isiyorekebishwa huliandika 07:00. Mama hutazama, husoma "saa saba", huridhika kwamba saa ni sahihi. Mpelelezi asomaye picha ileile kwa saa ya kimataifa huona saa moja asubuhi, wakati ambapo mtuhumiwa alikuwa kanisani au kazini mbele ya mashahidi kumi. Tena kuanzia saa kumi na mbili jioni kamera hiyo huwa imekwisha kuingia tarehe ya kesho. Wizi wa saa mbili usiku wa Jumatatu huandikwa 02:00 Jumanne. Kesi nzuri inaweza kufia hapo. Saa ya kamera iwekwe kwa majira ya Kigali na ilinganishwe na simu kila mwezi.

Wizi ukitokea, namba ya polisi ya dharura nchini Rwanda ni 112, na uchunguzi wa makosa ya jinai ni kazi ya Ofisi ya Upelelezi, RIB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, ambayo namba yake ni 166. Mwenye nyumba asiikate picha, asiipambe kwa mishale, wala asiisambaze katika makundi ya simu akitaja jina la anayemshuku. Aihifadhi kama ilivyo, aandike kwenye karatasi tofauti iliyokuwapo kati ya saa ya kamera na saa ya kweli, na aikabidhi.

JICHO LILILOGEUKA

Picha hizo siku hizi hufika popote simu inapofika, hata kambini kwa sajini aliye mbali. Mwanzoni ni furaha. Humwona ndama akinyonya, humwona mwanawe akibeba majani kichwani. Lakini upweke wa lindo ni mrefu, na simu ipo mkononi. Siku moja ujumbe huja: "Mama watoto, nani yule aliyesimama uani saa kumi?" Ni daktari wa mifugo. Siku nyingine: "Mbona taa ya jikoni ilizimwa mapema?" Siku ya tatu mama hutundika kanga mbele ya kamera, na huwezi kumlaumu. Kamera iliyonunuliwa kumlinda imekuwa mlinzi juu yake, na zizi limerudi kuwa bila shahidi.

Mpango ulioelezwa hapo juu una faida hiyo pia: hakuna kamera hata moja inayoelekea magharibi kwenye nyumba, mlango wa jikoni, bafu la uani au kamba ya kuanikia nguo. Wanandoa na wakubaliane kabla ya fundi kupanda ngazi ni nani atakayefungua picha, lini, na kwa sababu gani. Busara ni kengele iende kwanza kwa aliyepo nyumbani, na jirani mmoja wa isibo anayeaminika. Aliye nje ya nchi hawezi kumkimbilia mwizi, isipokuwa kukosa usingizi. Mfanyakazi wa nyumbani na mkata majani nao waambiwe kwamba kamera ipo na inatazama nini. Kumrekodi mtu kwa siri hali anakula chungu kimoja nawe ni aibu, hata pale ambapo sheria ingenyamaza.

Nayo sheria haikunyamaza. Katiba ya Rwanda, katika ibara yake ya 23, hulinda faragha ya mtu na familia yake, na Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inahusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha. Kamera ya upenuni itazamayo kaskazini inaweza kuuona ua wa jirani kwa mbali. Mashine nyingi zina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa rangi nyeusi. Sehemu hiyo ifunikwe, kisha jirani aitwe aone mwenyewe kwenye kioo kwamba uani kwake ni giza tupu. Dakika tano za ukarimu huo huokoa miaka ya manung'uniko. Na kwa Busanza hasa, ilivyo karibu na uwanja wa ndege na kambi, kamera isielekezwe upande huo hata kidogo, jambo ambalo jamaa za askari watalielewa bila maelezo.

Kazi ya fundi ikikwisha, asilipwe fedha yote mchana. Na ingojewe saa tatu usiku, taa zizimwe, kijana mkubwa avae kofia na koti la mvua, apande kutoka bondeni kwa kijia kile, ajaribu kufungua ghala, amtoe ng'ombe hatua tatu, arudi. Mama akae na kioo ndani. Akiweza kusema, kwa picha peke yake, ni yupi kati ya wanawe aliyepita, kamera ipo mahali pake. Asipoweza, nguzo isogezwe nusu mita na mtoto apande tena.

Baada ya hapo zibaki kazi ndogo. Familia nyingine zimechagua Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu wakirejea kutoka umuganda na majembe yakiwa bado uani: lenzi kufutwa kwa kitambaa kikavu, utando kuondolewa, jani la mgomba lililonyoosha shingo kukatwa, saa kulinganishwa, na picha ya usiku wa jana kutazamwa ili kuhakikisha kwamba ilirekodiwa kweli. Ng'ombe mwenye mimba akikaribia miezi tisa, kamera ya tatu, hata ya bei ndogo, yaweza kuwekwa ndani kwa wiki mbili. Mama atatazama kutoka kitandani, na atashuka mita zile arubaini usiku ule tu ambao miguu ya ndama imeanza kuonekana.